Insulini na Chakula cha Paka Mwenye Kisukari

Paka aliyegundulika kuwa na kisukari kwa kawaida huchomwa insulini mara 2 kwa siku: saa 1 asubuhi, kisha saa 1 jioni. Dozi hupangwa na daktari wa mifugo, aghalabu ikianzia yuniti 1. Sindano huingizwa chini ya ngozi ya ubavu iliyoinuliwa kwa vidole, paka akiwa anakula. Bomba lazima lilingane na kichupa: insulini nyingi za wanyama zina yuniti 40 kwa mililita, za binadamu 100, na kukosea hapo kwaweza kuua.

Insulini hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Umeme ukikatika Dodoma, chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowa, husaidia kwa muda. Hewa kavu ya uwanda wa kati hukausha maji upesi na kupoza. Chungu hicho hakifikii friji, lakini huikinga insulini na joto la mchana.

Chakula ndicho kinachowaponza wengi. Ugali uliorowekwa mchuzi wa dagaa hupandisha sukari. Afadhali chakula cha kopo cha paka chenye wanga kidogo, au nyama na dagaa waliochemshwa bila chumvi. Mabadiliko yafanywe taratibu, daktari akijua, kwani mahitaji ya insulini nayo hushuka.

Paka akigoma kula, daktari apigiwe simu kabla ya sindano. Akilegea, akipepesuka au akitetemeka, huenda sukari imeshuka: apakwe asali kwenye fizi na akimbizwe kliniki. Baadhi ya waliowahi tiba huacha sindano baada ya miezi kadhaa, ila sukari yao huendelea kupimwa.