Kuizuru Mikumi Wakati wa Masika
Hotuba iliyotolewa kwa vikundi vya akiba vya Mvumi, wilaya ya Kilosa



Nimeombwa nijibu swali mliloliuliza: je, yafaa kikundi kutumia akiba yake kuizuru Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kati ya Machi na Mei, wakati nyumba nyingi za wageni hupunguza bei? Jibu langu ni kwamba yafaa, ila kwa anayejua kwa nini bei imepungua.

Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1964, nayo ina kilomita za mraba 3,230. Wengi wetu tumewaona tembo wake kwa dirisha la basi tu, kwani barabara kuu iendayo Iringa huikatiza kwa takriban kilomita 50. Kuanzia Juni hadi Oktoba maji hupungua, majani huwa mafupi, na wanyama hukusanyika mabwawani. Masika mambo hugeuka. Majani hurefuka hata simba aliye hatua chache asionekane, na udongo mweusi wa uwanda wa Mkata hunasa magari, hivyo njia nyingine za ndani hazipitiki. Hapo ndipo unafuu unapotoka: mgeni hauziwi kitu kile kile kwa bei ndogo, bali huuziwa pungufu. Hata hivyo nchi huwa ya kijani, twiga hana pa kujificha, na hadi Aprili wapenda ndege huwakuta wahamiaji kutoka Ulaya. Nasema Ulaya ya ng'ambo, si ile ya wilayani mwetu.

Niruhusuni niseme lililonipata. Miaka kadhaa iliyopita nilikusanya fedha za ndugu na majirani 12, nikampa mwenye gari nusu ya malipo mkononi. Usiku wa kuamkia safari mvua ilinyesha, njia ikakatika. Mwenye gari akasema gari lake lilikuwa tayari, kwa hiyo walioshindwa ni sisi. Sikuwa na karatasi hata moja. Nilizirejesha fedha za watu kutoka mshahara wangu kwa miezi mitano, na shangazi yangu hakunisemesha hadi Idi.

Ninyi mnaijua mvua kuliko mimi. Mafuriko yaliyoanza Desemba 2009 yalibomoa nyumba na reli Kilosa. Yale ya Januari 2014 yalikata barabara pale Dumila. Basi sharti la kwanza kuandikwa, kabla ya kutoa hata shilingi, liwe hili: njia ikifungwa, fedha zitarejeshwa kiasi gani na ndani ya siku ngapi, au tarehe itasogezwa bila nyongeza? Asiyekubali kuliandika hilo, mwacheni na punguzo lake.

Jambo la pili ni kiingilio. Msidhani punguzo la nyumba ya wageni linakihusu. Hicho ni malipo ya hifadhi yenyewe, na hulipwa kwa kumbukumbu namba, si kwa kumpa mtu fedha taslimu. Raia hulipa kwa shilingi, kwa hiyo chukueni vitambulisho. Mtoto wa chini ya miaka 5 halipi, na wa miaka 5 hadi 15 ana kiwango chake. Kiingilio huhesabiwa kwa muda maalumu. Mkipanga kulala nje ya hifadhi, ulizeni mapema iwapo kurudi asubuhi kutawalazimu kulipa tena. Hesabu za vikundi vingi huharibikia hapo.

Anayewauzia safari nzima mwombeni leseni ya biashara ya utalii na risiti ya mashine ya kielektroniki. Ulizeni kama bei imejumuisha kodi, mafuta, chakula na mwongozaji. Tangazo lake msilitupe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na tangazo hilo ndilo ushahidi wenu.

Mimi, kama ningekuwa mweka hazina wenu, ningechagua wiki ya mwisho ya Mei: mvua huwa zimeanza kupungua, na bei aghalabu hazijapanda.

Nimekuja na mfano wa mapatano ya ukurasa mmoja. Nakala ziko mezani kwa katibu. Karibuni kwa maswali.