Fungu la Rangi Tu

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, walimu, wazazi mliosafiri usiku kucha, na nyinyi wahitimu: nimepewa dakika tano na watu wasionijua.

Kuna jambo linaniudhi katika kazi yetu ya sanaa. Tunapenda kuichora jamii, hatupendi kukaa nayo. Mfadhili mmoja aliwahi kuniita nichore ukuta wa zahanati: mama mjamzito anatabasamu, jua linachomoza nyuma yake. Ndani, wajawazito wenyewe walibanana upande mmoja wa benchi kwa sababu upande wa pili paa lilikuwa linavuja. Nikauliza habari ya bati. Nikajibiwa fungu ni la rangi tu. La mpiga picha lilikuwepo, la vitafunwa vya uzinduzi pia.

Kule Houston, Marekani, yuko msanii Mweusi anaitwa Rick Lowe. Alikuwa akichora picha kubwa za masaibu ya watu wake. Mwaka 1990 wanafunzi wakatembelea studio yake, na kijana mmoja akamwambia kwamba shida hizo wanazijua, wanaziishi. Kama wasanii ni wabunifu kweli, mbona hawabuni suluhisho? Mwaka 1993, Lowe na wasanii wenzake wakaanzisha Project Row Houses: nyumba 22 za mbao zilizochakaa, mtaa wa Third Ward, wakazikarabati. Nyingine zikawa za maonyesho, nyingine wakakaa akina mama vijana wanaolea peke yao huku wakisoma. Mwaka 2014 akapewa tuzo ya MacArthur.

Mimi hata hiyo tuzo hainishughulishi sana. Ninachompendea ni dhumna. Alicheza na majirani miaka na miaka, akaanza kuchora jinsi kete zinavyojipanga na kukata kona mezani, na michoro hiyo leo inatundikwa kwenye majumba makubwa ya sanaa. Mke wangu yupo pale nyuma, natumaini amesikia. Sisi wa barazani tumeitwa wavivu vya kutosha.

Basi kakaeni mtaani kabla ya kuandika andiko la mradi. Mkiitwa kuchora ukuta, ingieni ndani kwanza. Bati likikosekana kwenye bajeti, liandikeni. Mtakataliwa, andikeni tena.

Wazazi mliotaka mtoto asome uhasibu, ada yenu haikupotea: msanii wa aina hii atapiga hesabu za mbao na misumari kabla hajanunua brashi. Hongereni. Mshereheshaji ameshaanza kunikonyeza.