Punda Aliyelowa: Atandikwe au Aachwe?

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Katika miteremko ya Kilimanjaro mvua haimngoji mtu amalize kazi yake. Masika hunyesha tangu Machi hadi Mei, wakati mbolea inapopelekwa mashambani. Vuli nayo huanguka kati ya Oktoba na Desemba, ilhali kahawa ingali ikichumwa na kupelekwa ghalani. Mwenye punda huamka akamkuta mnyama wake amelowa chapachapa, na mzigo unangoja. Je, amtandike au amwache?

Wapo wasemao kwamba punda aliyelowa asiguswe kabisa. Wapo pia wasemao kwamba maji ni maji tu, hayana madhara. Pande zote mbili zimekosea kidogo. Maji peke yake hayamjeruhi mnyama. Linalomjeruhi ni msuguano juu ya ngozi iliyolainishwa na maji, hasa pakiwa na tope au mchanga chini ya tandiko. Ngozi iliyolowa kwa muda mrefu hulegea kama vidole vya mtu aliyefua kutwa. Mzigo ukiisugua, manyoya hung'oka, malengelenge hutokea, kisha kidonda.

Yafaa ikumbukwe kuwa asili ya punda ni nchi kavu za kaskazini-mashariki mwa Afrika. Manyoya yake hayazuii maji kama ya farasi. Kwa hiyo farasi wafugwao kwa kupandwa na wageni upande wa magharibi wa mlima huvumilia mvua kuliko punda, ingawa kanuni ya tandiko ni moja kwa wote wawili. Tena uko ugonjwa wa ngozi uletwao na kijidudu kilichoelezwa kwa mara ya kwanza huko Kongo mwaka 1915. Kijidudu hicho hustawi penye unyevu, na huacha magamba mgongoni yanayong'oka pamoja na vishungi vya manyoya. Mgongo wa namna hiyo haufai kubebeshwa kitu.

Basi afanyeje mwenye mzigo usioweza kungoja? Kwanza, ayakamue maji mgongoni kwa ukingo wa kiganja, akifuata ulalo wa manyoya. Pili, asugue kwa majani makavu au gunia kavu mpaka tope lote litoke. Tatu, apitishe mkono juu ya mabega, kandokando ya uti wa mgongo, na nyuma ya miguu ya mbele panapopita mkanda. Punda akishtuka, au mkono ukikuta uvimbe, joto au gamba, siku hiyo asibebeshwe. Nne, tandiko la ndani liwe kavu na safi. Afadhali mgongo wenye unyevu kidogo chini ya tandiko kavu kuliko mgongo mkavu chini ya tandiko la jana lililolowa na kukakamaa kwa jasho. Tandiko liwe na mito miwili, mmoja kila upande, ili uti wa mgongo usibanwe.

Mzigo nao upunguzwe. Washauri wengi husema usizidi theluthi moja ya uzito wa mnyama. Punda wa kilo 150 hubeba kilo 50, tandiko likihesabiwa humo. Lita moja ya maji ya mvua ni kilo moja. Magunia na majani mabichi yaliyolowa huongeza uzito bila mwenye mali kutambua. Turubai juu ya shogi huokoa mgongo, na huokoa kahawa iliyokwisha kukaushwa isirudiwe na unyevu ikaota ukungu.

Mvua ikimkuta punda njiani akiwa amekwisha kutandikwa, asivuliwe. Mahali pafunikwapo na tandiko hulowa kidogo kuliko kwingine. Aendelee polepole, kwa kuwa njia za mteremko huteleza, na mkanda ukazwe tena ukilegea. Akifika, ashushiwe mzigo mara moja, asuguliwe, awekwe mahali pasipo na upepo.

Hapo ndipo jambo hili linapovihusu vyama. Mara nyingi mgongo hauharibiki njiani, bali mlangoni pa ghala, mnyama anaposimama saa nyingi kwenye foleni ya mzani, mvua ikimnyeshea na mzigo ungali juu. Katibu anaweza kuagiza mizigo yote ishushwe kwanza, majina yaandikwe kwa zamu, ndipo upimaji uanze. Wanachama wanaweza kujenga kibanda cha nguzo na makuti au mabati kando ya ghala. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na punda anayelala majuma kadhaa katikati ya msimu, kahawa ikabaki nyumbani na karo ya watoto ikachelewa.

Kidonda kikitokea, kioshwe kwa maji yaliyochemshwa yenye chumvi kidogo, yakiisha kupoa. Kisipakwe oili chafu ya gari. Ofisa Mifugo aitwe, na punda apumzike mpaka ngozi ifunge kabisa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 imekwisha kumpa mwenye mnyama wajibu wa kumtunza.

Wahenga walisema fadhila ya punda ni mateke. Lakini abebaye mavuno ya mwaka mzima, kisha akarudishiwa kidonda mgongoni, huyo ndiye aliyepigwa teke.