Walipotuuliza "Mlitoka Wapi?"

 

Vijana wenzangu wa Mukuyuni, na nyinyi mnaotusoma kutoka mbali, karibuni.

Nilipofika miaka 18 nilienda kuomba kitambulisho. Karani akasoma jina langu, akanitazama, akauliza, "Nyinyi mlitoka wapi kuja huku?" Nikamjibu kwa Kikamba. Akacheka, lakini bado akanituma nilete karatasi za babu. Wenzangu tuliosoma nao darasa moja hawakuulizwa habari za babu. Siku ile sikuwa na jibu. Leo tulitafute pamoja, na tuanzie mbali kidogo.

Mwaka 1258 Wamongolia waliiteka Baghdad. Wengi tumefundishwa kana kwamba siku hiyo ulimwengu wa Kiislamu ulizimika. Haukuzimika. Mwaka 1324 Mansa Musa wa Mali alipita Kairo akienda Hija, akatoa dhahabu nyingi mpaka bei yake ikashuka sokoni. Mwaka 1331 Ibn Battuta akafika pwani yetu. Alipopita Mombasa aliona misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri, na akaandika kuwa nafaka ya kisiwa kile ililetwa kutoka nje ya kisiwa. Umesikia hapo? Mtu wa kisiwani alikula kilicholimwa na mtu wa nje ya kisiwa. Kisha akafika Kilwa, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyesifika kwa ukarimu. Utajiri wa Kilwa ulitokana na dhahabu iliyopitia Sofala kutoka bara, nchi ya Zimbabwe. Sarafu ya sultani huyo imepatikana huko Zimbabwe Kuu. Kwa hivyo pwani na bara zimejuana tangu zamani.

Mwaka 1498 Vasco da Gama akafika Mombasa na Malindi. Miaka saba tu baadaye, 1505, Wareno wakapora Kilwa na kuichoma Mombasa. Mwaka 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus. Wakakaa mpaka 1698, Waomani walipoiteka ngome hiyo baada ya kuizingira karibu miaka mitatu.

Sasa turudi nyumbani. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, waliotawala njia ya kutoka bara hadi Mombasa walikuwa Wakamba. Kivoi wa Kitui aliongoza misafara ya pembe za ndovu hadi pwani. Mmisionari Krapf alimtembelea Kitui mwaka 1849. Hebu jiulize, pembe zile zilienda wapi? Nyingi zilipita Zanzibar, na sehemu kubwa ikaishia Marekani, katika vijiji vya Connecticut ambako viwanda vilizikata kuwa vibao vya piano. Na huku tulirudishiwa nini? Nguo. Ile nguo ya pamba ambayo wazee waliiita "merikani" ilipata jina hilo kwa sababu ilifumwa Massachusetts, kwa pamba iliyolimwa na Waafrika waliokuwa watumwa kule kusini mwa Marekani. Mapinduzi ya viwanda tunayosoma kama hadithi ya James Watt na injini ya mvuke yaligusa hata mgongo wa mpagazi wa Ukambani.

Hapa lazima tuseme ukweli, hata kama unatuuma. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalilimwa na watumwa, na wenye mashamba wengi walikuwa Waislamu. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, tena kwa shinikizo la Waingereza. Dini yetu imetuamuru tusimamie haki hata dhidi ya nafsi zetu. Kijana anayetaka haki ya kitambulisho halafu anaficha habari ya watumwa, huyo anatafuta upendeleo.

Halafu ikaja reli. Ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, wengi wao Waislamu na Masingasinga, na karibu 2,500 walifariki. Reli ilipita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali. Mji wa Sultan Hamud hapa hapa Makueni unabeba jina la Sultani wa Zanzibar. Na wakati reli inapita, Ukambani ulikuwa kwenye njaa ambayo wazee wanaiita Yua ya Ngomanisye. Chuma kilipita, watu wakabaki wanazika.

Basi, yule karani anajibiwaje? Wako miongoni mwetu ambao babu zao walikuja na reli. Wako waliosilimu wakiwa wapagazi au wafanyabiashara. Na wako ambao babu zao hawajawahi kutoka chini ya mikuyu hii, Uislamu ndio uliowafuata hapa. Wote ni wa hapa. Hata swali lenyewe ni la ajabu, kwa sababu katika nchi hii kila ukoo una safari yake.

Lakini jibu la mdomo halitoshi ofisini. Kwa hivyo nawaomba kitu kimoja. Kabla ya Ijumaa ijayo, keti na mzee mmoja wa kwenu. Muulize alizaliwa wapi, babu yake alifanya kazi gani, na nani wa kwanza kusilimu katika ukoo. Andika kwenye daftari. Piga picha vyeti vyote vya zamani, hata vile vilivyoliwa na mchwa pembeni, na uhifadhi nakala mahali pawili. Mimi babu yangu alifariki kabla sijamuuliza. Karatasi zake nilizipata ndani ya kopo la maziwa, nusu hazisomeki.

Usingoje kama mimi. Wazee wapo leo.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.