Kushindwa Mara Ishirini na Moja

Dominika ya Tatu ya Pasaka. Injili: Luka 24:13-35



Injili ya leo yatuonyesha watu wawili wakitembea siku inapokaribia kuchwa, nao wanauacha mji. Mwinjili Luka anatutajia jina la mmoja tu, Kleopa. Hawakuwa maadui wa Bwana. Walikuwa wafuasi wake, tena walimpenda, na ndiyo maana nyuso zao zilijaa huzuni. Mgeni alipowauliza habari, walimsimulia yote kwa ufasaha. Lakini tumaini lao walilitaja kama kitu kilichokwisha kupita. Leo napenda tukae kidogo na huzuni hiyo. Sisi wahubiri, nami nikiwamo, huiruka upesi mno ili tufike kwenye kuumega mkate.

Nitawasimulia habari ya mji mmoja wa Marekani na timu yake ya mchezo. Msinicheke. Najua vema kwamba kufa na kufufuka kwa Bwana si jambo la kulinganishwa na mpira. Lakini moyo wa mtu aliyevunjika tumaini ni ule ule, awe njiani kwenda Emau au awe ameketi kwenye ngazi za uwanja, na pengine jambo dogo hutuwezesha kulitazama lile kubwa ambalo twaliogopa.

Mji huo ni Baltimore, bandari ya Maryland, na ndiko lilikoundwa jimbo Katoliki la kwanza la nchi ile, mwaka 1789. Watu wa huko wanapenda mchezo uitwao besiboli. Kwa wasioujua, niseme tu kwamba mmoja hurusha mpira mdogo mgumu, mwingine huupiga kwa gongo la mbao, kisha hukimbia kuvizunguka vituo vinne, na akivimaliza timu yake hupata pointi. Mengine hayatuhusu. Lenye maana kwetu ni kwamba michezo ya msimu mmoja ni 162, nayo huchezwa karibu kila siku, tangu majira ya kuchipua hadi vuli. Katika kandanda, timu ikifungwa leo, mshabiki hupata siku kadhaa za kuugulia na kusahau. Katika besiboli hakuna nafasi hiyo. Umeshindwa jana, na leo waingia tena uwanjani.

Pasaka ya mwaka 1988 iliangukia tarehe 3 Aprili. Kesho yake, Jumatatu ya Pasaka, timu ya Baltimore Orioles ilifungua msimu nyumbani mbele ya watu zaidi ya 50,000. Wageni wao kutoka Milwaukee wakawashinda kwa pointi 12 kwa sifuri. Watu wakarudi majumbani wakiambiana kwamba huo ni mchezo wa kwanza tu. Wakashindwa wa pili. Wakashindwa wa tatu, wa nne, wa tano na wa sita.

Ili tuelewe uchungu wa watu wale, yatupasa kurudi nyuma miaka minne. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Machi 1984, timu nyingine ya mji huo, Colts, iliyocheza mpira wa Kimarekani, ilipakiwa katika malori pamoja na vifaa vyake vyote, ikahamishiwa mji wa Indianapolis. Kulipokucha, watu walikuta timu waliyoipenda kwa miaka thelathini haipo tena. Orioles ndiyo iliyobaki. Nayo mwenye mali alikuwa wakili maarufu wa Washington, Edward Bennett Williams, na Washington, umbali wa kilomita 60 hivi, haikuwa na timu ya besiboli tangu mwaka 1971. Kwa hiyo kila timu ilipofungwa, hofu nyingine ilizidi chini kwa chini: je, na hawa nao wataondoka? Aliyeona ghadhabu yao kuwa ni upuuzi wa watu wasio na kazi hakujua walichokuwa wamekwisha kunyang'anywa.

Basi baada ya kushindwa mara sita, tarehe 12 Aprili, wakubwa wa timu walimwondoa kocha. Jina lake Cal Ripken. Mzee huyo alikuwa ameanza kuitumikia Orioles mwaka 1957, kwanza kama mchezaji katika timu zake ndogo, halafu akawa mwalimu wa vijana kwa miaka mingi. Na wanawe wawili, Cal mdogo na Billy, walikuwa wachezaji katika kikosi hicho hicho. Baba akafungasha vitu vyake. Watoto walibaki kucheza.

Michezo sita kati ya 162! Nakiri kwamba jambo hili lanigusa kuliko yote katika habari hii. Uchungu wa wengi hutafuta haraka kichwa cha mtu mmoja wa kuubeba. Nasi twaifahamu desturi hiyo, wala hatuna haja ya kwenda Marekani kuijua. Kwaya ikififia, ni mwalimu wa kwaya. Jumuiya ikipoa, ni mwenyekiti. Akiondolewa, wiki moja au mbili hupita watu wakiona nafuu, kama kwamba jipu limetumbuliwa.

Nafuu ya Baltimore haikudumu hata wiki. Aliyepewa kazi ni Frank Robinson, shujaa aliyeshinda ubingwa na timu hiyo miaka ya 1966 na 1970. Naye alishindwa mchezo wake wa kwanza, na wa pili, na mingine iliyofuata. Rekodi ya zamani ya kuanza msimu kwa kushindwa ilikuwa michezo 13, yaani ile ya Washington ya mwaka 1904 na Detroit ya mwaka 1920. Orioles waliipita, wakaendelea. Siku nyingine walizidiwa kabisa, siku nyingine waliponyokwa na ushindi kwa pointi moja tu, na sijui lipi kati ya hayo mawili linaumiza zaidi. Nchi nzima ilianza kuwatazama. Rais Ronald Reagan alimpigia Robinson simu ili kumtia moyo. Mtangazaji mmoja wa redio mjini, Bob Rivers, aliapa kutoondoka hewani mpaka timu ishinde. Maskini hakujua aliloliapia: alikaa saa 258. (Nami ninayelalamika nikipewa dakika kumi na tano za kuhubiri redioni!)

Angalieni, ndugu wapendwa, jinsi watu walivyotofautiana. Waliokuwa mbali walicheka. Kwao timu inayoshindwa kila siku ilikuwa kichekesho cha kusomea gazetini wakati wa chai, na kwa kuwa hawakupenda, hawakuumia. Washabiki wa Baltimore, wao, walikasirika. Walizomea, walinung'unika, walibishana kazini na katika mabasi. Naam, baadhi waliacha kwenda uwanjani, na viti vikawa vitupu. Lakini siwezi kuiita ghadhabu ile kukosa uaminifu. Kleopa na mwenzake nao hawakwenda kimya. Luka asema walikuwa wakijadiliana njiani, na jambo walilojadiliana ni lile lile lililowavunja moyo. Hawakuweza kuliacha. Bwana aliwakaribia wakiwa katika mazungumzo hayo, naye aliwaacha kwanza waseme yote.

Hatimaye, Ijumaa tarehe 29 Aprili, huko Chicago, Orioles walishinda, pointi 9 kwa sifuri. Eddie Murray aliupiga mpira hadi nje ya uwanja, na Cal mdogo vilevile. Walikuwa wamekwisha kushindwa mara 21 mfululizo.

Kama ningekuwa mtunga hadithi, ningewafanya washinde tena kesho yake. Haikuwa hivyo. Walishindwa Jumamosi, wakashindwa na Dominika. Wakarudi nyumbani Jumatatu tarehe 2 Mei wakiwa wameshinda mara moja na kushindwa mara 23, nafasi ya mwisho kabisa, na ilikuwa dhahiri kwa mwenye akili timamu kwamba ubingwa wa mwaka huo haungewezekana tena.

Jioni hiyo uwanjani waliingia watu 50,402.

Nimeitafakari namba hiyo mara nyingi. Hao hawakuja kushangilia ushindi, maana ushindi ulikuwa mmoja tu, nao ulipatikana ugenini. Wala hawakudanganyika kuhusu hesabu. Naamini wengi kati yao walikuwa wale wale waliozomea wiki mbili nyuma. Walikuja na hasira yao, wakasimama, wakawapigia makofi vijana walioinamisha vichwa mwezi mzima. Na papo hapo uwanjani ilitangazwa kwamba timu imekubali mkataba wa miaka 15 katika uwanja mpya utakaojengwa mjini. Kwa hiyo, katika mwezi ule mbaya kuliko yote, waliambiwa neno walilokuwa wakilitamani tangu yale malori ya mwaka 1984: hawaondoki. Kisha wakacheza na Texas, na wakashinda, 9 kwa 4.

Hapa nawakumbuka makatekista wetu. Nakukumbuka wewe unayefungua kigango Dominika baada ya Dominika na kuwakuta watu wanane, na mmoja wao amesinzia. Umefundisha wakatekumeni mwaka mzima, na siku ya Ubatizo wamekuja wawili. Vijana uliowaandaa kwa Kipaimara huwaoni tena. Ukifika kwa paroko, waulizwa idadi. Sitakuambia kwamba mwakani watajaa, kwa sababu sijui. Wala sitakukemea kwa kunung'unika kwako njiani ukisukuma baiskeli. Nung'unika, ndugu yangu. Lakini unung'unike na mwenzako, kama wale wawili, wala usijifungie peke yako, maana Bwana aliwakuta wakiwa wawili, wakiongea. Na jioni ilipowadia, hawakuwa na furaha bado, hawakuwa wameelewa, hata hivyo walimbembeleza mgeni akae nao. Mioyo iliwaka kabla macho hayajafumbuliwa. Ukarimu wao ulitoka katika huzuni, haukuingoja iishe.

Msimu ule wa 1988 Orioles walishinda michezo 54 na kushindwa 107. Umati wa tarehe 2 Mei haukuifuta hata mmoja katika hiyo. Mwenye timu, Williams, aliyekuwa mgonjwa wa saratani, alifariki mwezi Agosti. Mwaka uliofuata, timu yenye vijana wengi wasiojulikana ilishinda michezo 87 na kugombea nafasi ya kwanza hadi siku za mwisho za msimu. Wakaikosa. Uwanja mpya ulifunguliwa Aprili 1992.

Na yule mzee aliyeondolewa baada ya michezo sita? Mgongoni alikuwa akivaa namba 7. Alipoondoka, mwanawe Billy aliiacha namba yake mwenyewe akaivaa ile 7 ya baba, asije akaichukua mtu mwingine. Mwaka 1989 mzee Ripken alirudi Orioles, safari hii kama msaidizi, chini ya Robinson, mtu yule yule aliyepewa nafasi yake. Alisimama karibu na kituo cha tatu, akiwaelekeza wakimbiaji lini wasimame na lini waendelee. Namba 7 ilikuwa bado mgongoni mwa Billy. Baba alichukua 47.