Majahazi Yetu na Shehena Yake
(Hotuba iliyosomwa na Halmashauri katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mukuru kwa Reuben)



Sisi wa Halmashauri tuliombwa na wanachama wenzetu watokao Lamu na kisiwa cha Pate tuseme mbele yenu juu ya jambo la majahazi. Ombi lao mwalijua, maana limezungumzwa mikutanoni na hata matangani. Wanataka Chama kitoe fedha mfukoni ili jahazi moja kuukuu, lililopwelezwa Matondoni likaachwa juani, litengenezwe na kurudi kubeba mizigo. Baadhi yenu mlicheka. Mliuliza: watu wa Mukuru kwa Reuben, tulio mbali na bahari kwa mwendo wa usiku mzima wa basi, sisi na tanga wapi na wapi? Hatuwalaumu waliocheka. Walakini kucheka si kujibu, nasi tumetumwa kujibu.

Yatupasa kwanza kueleza jambo lililopotea lilikuwa kitu gani, maana vijana wetu wengi wameliona jahazi katika picha za watalii tu. Chombo cha tanga hakikuwa pambo. Kilikuwa gari la mizigo la pwani yote, tangu Kismayu hata Kilwa na kupita. Kaskazi, ivumayo tangu Desemba hata Machi, ilileta vyombo kutoka Bara Arabu na Ghuba, kusi ikavirudisha. Katika majira ya 1938 na 1939 mwandishi baharia wa Australia, Alan Villiers, alisafiri katika bumu la Kuwait toka Aden, akapita Mombasa na Zanzibar, akaingia delta ya Rufiji, wakapakia boriti za mikoko na kurudi nazo Ghuba. Boriti hizo ndizo zilizoezeka nyumba za Waarabu katika nchi isiyo na miti. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vya Lamu ya kale ni virefu na vyembamba. (Huku kwetu upana wa chumba hufuata mwenye nyumba, nao ni futi kumi kwa kumi.)

Biashara ile haikufa kwa siku moja wala kwa mkono mmoja. Mafuta ya petroli yaliyapa mataifa ya Ghuba saruji na chuma, boriti zikapungua thamani. Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yalikata kamba za kale baina ya kisiwa kile na Arabuni. Katika mwaka wa 1982 serikali ya Kenya ilikataza kupeleka boriti nchi za nje. Na katazo lile lilikuwa na haki yake, kwa kuwa Lamu ndiko iliko zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na mkoko ukiisha samaki nao huondoka. Kisha malori yakaja. Lori halingoji kusi wala kaskazi.

Lakini uharibifu ambao wenzetu wa Lamu wanausema si wa biashara tu. Jahazi likikosa shehena huvutwa pwani, na hapo ndipo lifapo. Chombo cha mbao kimezoea maji. Mbao zake hunywa, hufura, hushikana. Kikikaa juani zinakauka na kuachana, pamba ya kalafati inatoka, misumari inakula kutu na kuozesha mbao iliyoizunguka. Chombo kinachofanya kazi kilikuwa na desturi yake: kila baada ya muda kinapwelezwa maji yakipwa, kinasuguliwa uchafu, kinachomwa kwa moto wa makuti chini ya tumbo, kinatiwa kalafati upya, kisha kinapakwa deheni ya shahamu na chokaa ili wadudu wa bahari wasikitoboe. Nani atafanya kazi hiyo yote kwa chombo kisichoingiza kitu? Na chombo kikiisha, fundi naye ameisha. Kazi ya kuunda jahazi haikuandikwa karatasini. Fundi hutazama kwa jicho, akachukua tezo, akachonga taruma kutoka katika mti uliopinda wenyewe porini, likaingia mahali pake. Mwanafunzi hujifunza kwa kushika taa na kuokota vibanzi kwa miaka kabla ya kupewa tezo. Mlolongo huo ukikatika kizazi kimoja hauungwi kwa fedha.

Jambo hilo twalijua kwa mfano wa mtepe. Mtepe ulikuwa chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari, na tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne. Vyombo vya kushonwa vya pwani yetu vilitajwa na Wayunani karibu miaka 2,000 iliyopita. Hata hivyo mitepe ya mwisho ilitoweka katika miaka ya 1930. Mwaka 2003 wataalamu na mafundi waliunda mwingine Zanzibar kwa kufuata picha na mifano, kazi ya kusifiwa, nao ukawekwa katika Beit al-Ajaib uonwe na wageni. Jengo lile lenyewe lilibomoka sehemu mnamo tarehe 25 Desemba 2020. Hatusemi haya kwa kubeza makumbusho. Twasema kwamba chombo kilichowekwa ndani ya nyumba hakifundishi mtu kukalafati.

Sasa twaja kwa hoja ya wanaopinga, nayo ni nzito. Wanasema ulimwengu hauwezi kurudi nyuma. Twajibu kwamba ulimwengu wenyewe umeanza kutazama upepo tena, hata kama ni kwa jicho moja. Katika Julai 2023 mataifa ya Shirika la Kimataifa la Bahari yalikubaliana kuondoa moshi wa meli ufikapo mwaka 2050 au karibu na hapo. Kabla ya hapo Waholanzi walikwisha kuanza, katika 2009, kubeba ramu na kakao kuvuka Atlantiki kwa Tres Hombres, meli ya tanga isiyo na mashine hata kidogo. Wajerumani waliitengeneza Avontuur, iliyoundwa mwaka 1920, wakaitoa baharini kubebea kahawa. Habari hizi zapendeza, na ndugu mmoja alitusomea kwa furaha nyingi. Lakini tulimwuliza, na hapa twauliza tena: ni nani alipaye gharama? Mnunuzi wa Ulaya hulipa zaidi kwa chokoleti iliyokuja kwa upepo, naye anaona fahari. Mama wa Kizingitini hatalipa shilingi moja zaidi kwa kilo ya sukari kwa sababu ilivushwa na kusi. Tukiiga ya Ulaya bila kupima ya kwetu tutazamisha mfuko.

Na majadiliano yetu, wazee, yalikwenda tezi na omo, na marejeo yakawa ngamani, yaani kwenye mfuko huu. Mfuko huu ni wa maziko na ugonjwa. Umejazwa na vibarua wanaosimama mbele ya malango ya viwanda saa kumi na mbili asubuhi bila kujua kama wataitwa. Yuko hapa mama aliyezika watoto wawili kwa msaada wake. Halmashauri haiwezi kuchukua shilingi ya jeneza kuifanya msumari wa jahazi, na katika hilo sote tulikuwa kauli moja, hata wale wa Lamu.

Kwa hiyo tulitafuta njia nyingine, na tulipoitafuta tuliona jambo ambalo pande zote mbili hazikuliona. Sote tulikuwa tukizungumza juu ya chombo, wala hakuna aliyezungumza juu ya shehena.

Tazameni. Jahazi hupata noli, yaani ujira wa kubeba mizigo, ikiwa limejaa kwenda na kurudi. Likienda limejaa na kurudi tupu, nusu ya safari ni hasara. Kutoka visiwani shehena ipo: nazi, makuti, samaki wakavu, na boriti zenye kibali. Mawe ya Manda hata leo huvushwa kwa majahazi kwenda Lamu mjini kujengea. Shehena ya kurudia ndiyo iliyoliliwa. Na shehena hiyo ni nini? Ni mabati, misumari, rangi, sabuni, sufuria, saruji, unga. Vitu hivyo vyatengenezwa wapi? Vingi vyatengenezwa hapa, ng'ambo ya ukuta huu, na mikono ya watu waliokaa katika mkutano huu. Mwanachama wetu hupakia katoni za sabuni mchana kutwa, na dada yake aliye Faza huinunua sabuni ileile baada ya kupitia mikono mingi njiani.

Tusijidanganye kwamba tanga litalishinda lori hata Lamu mjini. Lori hufika Mokowe, na toka Mokowe mpaka Amu ni kuvuka kidogo tu. Hapo tusiingie. Lakini kwa Siyu, Faza, Kizingitini, Ndau na Kiunga hali si hiyo. Mzigo hushushwa Mokowe, hupakiwa mashua, na huko ndiko bei ipandapo. Barabara nayo imekuwa na mashaka yake: baada ya mashambulizi ya Mpeketoni katika Juni 2014 magari yalikwenda kwa kusindikizwa na polisi, na katika mafuriko ya Novemba 2023 njia ilikatika penye Lango la Simba. Novemba ni wakati wa maleleji, baina ya kusi na kaskazi, bahari imetulia. Barabara ilipokuwa chini ya maji, njia ya maji ilikuwa wazi, vyombo vya kuitumia ndivyo vilivyopungua. Bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, ni ya meli kubwa. Haitakwenda Kiunga na magunia ishirini ya unga.

Wapo watakaosema, na mashine je? Majahazi mengi yana mashine leo, nasi hatuoni dhambi. Mashine iwe ya kuingilia bandarini na ya kujiokolea, tanga liwe la safari. Mafuta yaliyookolewa ndiyo faida yenyewe. Na katika miezi ya kusi kali, Juni na Julai, nahodha akisema chombo kisitoke, kisitoke. Hatutaki maziko ya baharini yaje kulipwa na mfuko uleule tulioukinga.

Neno moja juu ya Mto Ngong, maana liliulizwa na vijana. Mto huu upitao kando ya mabati yetu huingia Mto Nairobi, nao huingia Athi. Athi hubadili jina kuwa Galana, kisha Sabaki, na kumwaga maji yake baharini kaskazini ya Malindi. Kwa hiyo kandambili iliyotupwa Mukuru yaweza kufika pwani bila nauli. Katika 2018 fundi Ali Skanda wa Lamu na wenzake walishusha majini Flipflopi, chombo cha mita 9 kilichoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kufunikwa kandambili kuukuu zipatazo 30,000. Mwanzoni mwa 2019 kikasafiri toka Lamu hata Zanzibar, na mwaka 2021 kikazunguka Ziwa Victoria, ambako ndugu zetu watokao Nyanza walikiona. Kilichotufurahisha sisi ni kwamba kazi ile iliwapa mafundi wa tezo kazi ya miaka. Plastiki ilichongwa kwa ujuzi wa mbao.

Basi mapendekezo ya Halmashauri ni haya. Mfuko wa maziko na ugonjwa usiguswe. Ufunguliwe mfuko wa pili, wa hiari, wenye daftari lake na waweka sahihi wengine, na atakayetia fedha ajue anatia katika biashara iwezayo kula hasara. Kabla ya kununua hata ubao mmoja, wajumbe watatu waende Faza na Kizingitini wakaongee na wenye maduka, waandike ni mizigo gani waitakayo, kiasi gani, na noli gani wailipayo sasa. Wakirudi na maduka yasiyopungua kumi yaliyo tayari kutupa mizigo yao, ndipo fundi wa Matondoni alipwe kulikagua lile jahazi toka mkuku hata foromali. Akisema mkuku umeoza, tusibishane naye. Chombo kiandikishwe na kukaguliwa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya kama itakavyo sheria ya 2009, na mabaharia wawe na maboya ya kujiokolea. Mapato, baada ya gharama, yagawanywe baina ya wenye chombo na mabaharia kama desturi ya pwani ilivyokuwa.

Tena tunaomba jambo ambalo wenzetu wa Lamu hawakuliomba. Fundi atakayeshika kazi achukue vijana wawili wa kufundishwa, mmoja wa kwao na mmoja wa hapa Mukuru. Yuko kijana hapa anayechonga vitanda na makabati karibu na soko, mwenye jicho zuri na mkono mtulivu, ambaye hajawahi kuiona bahari. Mzazi wake ametwambia hatamzuia.

Daftari la mfuko wa pili liko kwa Karani, nalo litafunguliwa Jumapili ijayo baada ya ibada na baada ya sala ya adhuhuri, ili pasiwe na mtu wa kusema hakuambiwa. Wajumbe wa kwenda Faza watajilipia nauli nusu, nusu nyingine imetolewa na wanachama wa Pate. Wanaotaka kuchaguliwa watoe majina kabla ya kikao kufungwa, na wangojee kaskazi itulie ndipo wavuke.