Andiko la Utafiti wa Mipango Miji: Kilimatinde Iwe Somo Letu

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa Umoja wetu, Kilimatinde.)



Nimeombwa nieleze jinsi ya kuandaa andiko la utafiti, yaani lile pendekezo ambalo mwanafunzi wa Chuo Kikuu huwapelekea walimu wake kabla ya kuruhusiwa kuandika tasnifu. Mimi ni mtumishi wa Serikali, ofisa mipango miji katika halmashauri. Kila mwaka vijana wa vyuo hufika ofisini kwetu kutafuta takwimu, na wengi wao ukiwauliza takwimu hizo ni za kujibu swali gani, hutazamana. Nyinyi mlio kidato cha tatu na cha nne, sikilizeni vizuri, maana siku hiyo haiko mbali.

Msingi wa andiko ni tatizo, wala si mada. "Ukuaji wa miji Tanzania" ni mada. Mtu aweza kuizungumza mpaka jogoo awike asifike popote. Tatizo ni jambo linalowapata watu fulani, mahali fulani, na ambalo bado halijapata jibu la kuridhisha.

Tuchukue mfano wa hapa tulipo. Kilimatinde ilikuwa mahali pakubwa kabla Manyoni haijajulikana. Misafara ilipita hapa, na mwishoni mwa karne ya 19 Wajerumani waliweka hapa boma lao la utawala. Kisha ikaja Reli ya Kati. Ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912. Lakini ilipita Saranda na Manyoni, ikatuacha pembeni. Biashara ikaifuata reli, utawala nao ukaifuata, na leo makao ya wilaya yako Manyoni. Kilimatinde ikabaki na hospitali ya Kanisa la Anglikana, shule, na watu wake.

Sasa historia inataka kujirudia. Mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora ulitiwa saini Desemba 2021, na treni za abiria za reli hiyo zilianza kufika Dodoma mwaka 2024. Njia yake inapita Manyoni tena. Je, safari hii Kilimatinde itapoteza watu wake, au itapokea watu wanaotafuta viwanja vya bei nafuu? Hilo, ndugu zangu, ni tatizo la kweli.

Lakini tatizo bado si swali la utafiti. Mshika mawili, moja humponyoka. Yafaa mwanafunzi alipunguze mpaka aweze kulimaliza kwa muda na fedha alizo nazo. Kwa mfano: "Tangu mwaka 1978, hospitali na shule zimebadili vipi matumizi ya ardhi katika Kilimatinde?" Swali hilo lina mahali, lina muda, na lina kitu cha kupimwa. Msimamizi wangu wa tasnifu alikuwa na kipimo chake: ukilipata jibu, ni ofisa gani atakayelitumia, na atalitumia kesho kufanya nini? Kama hakuna jibu la kuulizwa huko, rudi ukaandike upya.

Baada ya swali, soma kazi za waliotangulia. Dar es Salaam ilikuwa na mipango mikuu ya mwaka 1949, 1968 na 1979, lakini sehemu kubwa ya wakazi wake wamejenga katika maeneo yasiyopimwa. Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973. Mpango wake wa mwaka 1976, uliotayarishwa na kampuni ya Toronto, Kanada, ulikusudia mji wa watu waendao kwa miguu na kwa basi. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ilivunjwa mwaka 2017. Anayesoma habari hizi ataona kuwa kuchora mpango ni jambo moja, na kuutekeleza ni jambo jingine. Aidha, lazima ajue sheria. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999; eneo likitangazwa kuwa la mipango miji, Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 inahusika. Sehemu kama Kilimatinde, ambayo imekwisha pita ukijiji na haijawa mji kamili, ndiyo inayohitaji kuchunguzwa zaidi.

Kisha eleza njia utakayotumia. Zipo sensa za 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022, ila uangalie kama mipaka ya kata ilibadilika kati ya sensa na sensa, la sivyo utalinganisha vitu viwili tofauti. Zipo picha za angani na za setilaiti. Zipo nyaraka za enzi ya Wajerumani katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Na wapo wazee wetu, ambao wanajua shamba la nani liligeuka kuwa uwanja wa nani. Usiende kwao na hojaji ya kurasa kumi. Kaa, sikiliza, kisha uulize. Habari za kibali, muda na fedha sizirefushi: anza na barua ya chuo, pita mkoani na wilayani, wala usimruke mwenyekiti wa kijiji.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu kupima viwanja kabla ya nyumba ni kazi ya kamba na vigingi. Kupima baada ya nyumba ni kazi ya fidia, kesi na machozi. Katika kazi yangu nimeyaona yote mawili. Kilimatinde bado ina nafasi ya kuchagua, lakini nafasi hiyo haitangoja.

Ndugu Mwenyekiti, natoa ombi moja. Umoja wetu ugharamie nauli na posho ya mwanafunzi mmoja wa chuo atakayekubali kuandika tasnifu juu ya Kilimatinde, kwa sharti kwamba nakala moja aiweke katika maktaba ya shule hii na nyingine aipeleke kwa halmashauri ya kijiji. Nami niko tayari kulisoma andiko lake bila malipo. Mcheza kwao hutunzwa.